Shingo ya Kobelo

Siku moja naikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ingawa meno yamenitoka na majina ya watu yananipotea. Ilikuwa enzi ya Wadachi, yaani Wajerumani, reli inajengwa kuja Morogoro. Mume wangu Kobelo alikuwa akisafirisha kokoto kwa toroli, kule bondeni chini ya Bigwa, nami nilikuwa nimeteremka kutoka nyumbani kwetu mlimani kumpelekea chakula. Alikuwa amekaa juu ya toroli lake lililosimama, akinisubiri, mara toroli jingine likateremka kwa kasi na kulipiga kwa nyuma. Kichwa chake kilikwenda nyuma, kikarudi mbele kwa nguvu.

Akainuka, akajipangusa vumbi. Nyapara akamuuliza, "Umeumia?"

"Sijaumia," akajibu, akacheka. Kijana mbele ya mkewe, angesema nini?

Kesho yake hakuweza kugeuza shingo. Mkono wa kulia ukaingia ganzi, jembe likamshinda. Nyapara akamwondoa kazini mikono mitupu.

Mjomba wake, mkubwa wa ukoo, akatupeleka kwa akida wa serikali kudai fidia. Akida akasema, "Yeye mwenyewe alisema hakuumia. Watu walisikia."

Mjomba hakupandisha sauti. "Mvua hunyesha mlimani leo, mto ukafurika bondeni kesho. Utasema maji hayo hayakutoka mlimani?"

Hata hivyo akida hakutoa kitu. Tulipokuwa tunaondoka, kijana mmoja akatukimbilia. Jina lake Salumu, mtu wa Dumila.

"Shikamoo, mzee," akamwambia mjomba. "Toroli lililompiga nilikuwa naliendesha mimi. Breki yake mbovu, na nyapara nilikwisha kumwambia. Mali sina. Nina mikono."

Tangu hapo, kila masika alipanda mlima kutulimia, mpaka wanangu walipoweza kushika jembe.

Kobelo hakupona kabisa. Zamani tukipanda kwenda nyumbani alikuwa akitangulia, na kila kona akigeuka kunitazama. Baada ya ajali akaniambia, "Tangulia wewe, mke wangu, nikuone bila kugeuka." Tukaenda hivyo mpaka nilipomzika. Hata leo nikiipanda njia ile natembea polepole, nisimwache nyuma. Najua hayupo, mwanangu. Miguu ndiyo haijakubali.

Basi nisikilize kabla hujashika njia. Ukigongwa, usiseme "sijaumia" kwa kuona haya. Sema, "Bado sijajua," kisha ungoje mwili wenyewe uzungumze. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na ukimuumiza mwenzako, usingoje baraza likulazimishe. Mwendee, hata kama huna cha kumpa. Serikali ilitunyima haki yetu, na haki hiyo ilikuwa yetu ya kudai. Lakini tulikula kwa jasho la mtu aliyekubali kosa ambalo halikuwa lake peke yake.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulinde njiani, na yakikufika, akujalie wa kukuamini na wa kukushika mkono.