Nusu ya Ndimu

Harufu ya spiriti hunirudisha delta ya Rufiji mpaka leo. Muuguzi akinipangusa mkono kwa pamba, mimi sipo tena kwenye foleni ya zahanati. Niko kijijini kwa Bibi, maji yamekupwa, tope la mikoko linanuka, na Baba amekunja mikono ya shati lake la kaki, anapanga sindano zake kwenye sahani ya bati. Baba alikuwa dresa wa serikali enzi za Mwingereza, mfunga vidonda na mchoma sindano, na watu walimwita Bwana Dresa hata pale alipokuwa amevaa msuli anakuna nazi. Ndiyo, alikuna nazi. Mama alipokuwa mjamzito, alimchotea na maji; wanaume walimcheka, naye alicheka nao, ndoo kichwani. Jamani, nilimpenda baba yangu.

Msimu ninaousema ni ule ndui iliposikika vijiji vya juu ya mto, mpunga ukiwa umeanza kutoa masuke. Baba alitumwa kuwachanja watu wa visiwa vya delta, akianzia kijijini kwa Bibi, akanichukua, maana alikuwa na msimamo wake: hachanji mtoto wa mtu kabla hajachanja wake. Nilikuwa na miaka minane. Wakata mikoko na wake zao walisimama wakinitazama, kwa sababu kulikuwa na uvumi kwamba dawa yenyewe ndiyo inayoleta ndui. Baba akanidondoshea dawa mkononi, akanikwaruza, nikang'ata kanga nisilie. Hapo ndipo wakajipanga. Wa kwanza nyuma yangu alikuwa rafiki yangu Zena.

Baba alipovuka tu kwenda kijiji cha pili, mkono ukaanza kuniwasha, nikaanza kulia. Bibi, mama yake Baba, hakuweza kuvumilia machozi yangu. "Paka ndimu, mke mwenzangu," akaniambia kwa utani wetu wa siku zote. "Ndimu inakata kila kitu." Nikaenda mtoni, nikausugua mkono kwa nusu ya ndimu mpaka ukatoka damu, kisha nusu iliyobaki nikampa Zena, naye akasugua wake. Sikujua kwamba akina mama waliokuwa wakiosha vyombo walikuwa wananiangalia. Kama mtoto wa dresa mwenyewe anaitoa dawa, wao ni nani waiache? Kufika alasiri, kijiji kizima hakikuwa na ndimu.

Siku ya nane Baba akarudi kukagua. Mkono wa kwanza laini, wa pili laini, wa kumi laini. Mkono uliokubali chanjo lazima uwe umefanya kidonda. Akauliza kulikoni, hata Bibi akainamia ukili aliokuwa akiusuka. Ndipo akaushika mkono wangu, akautazama muda mrefu. Nilimnong'oneza yote, ya ndimu na ya nusu niliyompa Zena, nikisubiri kofi. Hakunipiga. Uso wake ulisawajika tu, akanifunika mkono kwa ile kanga.

Akasimama mbele ya watu akasema, "Nisameheni, jamaa zangu. Dawa niliyoleta ilikuwa imeharibika. Kosa ni langu." Wakaguna, wengine wakamtolea maneno makali, kwamba serikali inawaletea uchafu. Baba akayameza yote. Akanichanja tena wa kwanza, na safari hii nilikaa wiki nzima bila kugusa maji upande ule. Wengi walikuja, kwa shingo upande, lakini walikuja.

Zena hakuwepo. Wazazi wake walikuwa wameshahamia naye shambani, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo watu wetu hulala wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Baba hakungoja hata chai. Akachukua mtumbwi, akapita dungu moja hadi jingine siku mbili nzima akiliita jina lake. Alipompata, homa ya ndui ilikuwa imeshampanda. Alikaa naye chini ya dungu lile mpaka alipopona, akimlisha uji kwa mkono wake. Zena aliishi, lakini uso wake ulibaki na makovu, na jicho moja likafa.

Baba alifariki kabla ya uhuru. Sikuwahi kumsikia akiitaja ndimu ile, hata tukiwa wawili. Leo wajukuu zangu hawana alama yoyote begani, ndui wanaisikia kama hadithi, na zahanati iko umbali wa kutembea. Nashukuru. Lakini dresa wa kumfuata mtoto mmoja kwenye madungu siku mbili, haki ya Mungu, sijamwona tena.

Mwezi uliopita nilikwenda Bungu kumtembelea Zena. Alikuwa anakaanga samaki, akaniomba nimkatie ndimu. Kisu kikanishinda. Nikamwambia yote, kwamba dawa ile ilikuwa nzima, na aliyeiharibu ni mimi.

Zena akanigeuzia upande wa jicho lake zima. "Kumbe!" akasema. "Baba yako kila Idi aliniletea kanga, akiniomba nimsamehe kwa dawa yake mbovu. Nami kila Idi nilimsamehe."

Tukalia, vikongwe wawili, mpaka samaki wakaungua.