Pua ya Kuazima

Mama yangu alikuwa mpika udi. Temeke ya wakati ule, tulipokuwa bado tunatawaliwa na Mwingereza, harusi ya watu wa pwani haikuhesabiwa kuwa harusi mpaka udi wake ufukizwe chumbani kwa bibi arusi. Mimi, mwanawe wa pekee, nilikua nikimtwangia sandali na kumkorogea sufuria, na kabla sijajua kusoma niliweza kufumba macho nikamwambia kilichomo: hii miski imezidi, hii zaafarani imechakaa, na hii karafuu maiti imeingiaje humu, amekufa nani? Nikipatia ananipa kashata. Nikikosea ananicheka mpaka majirani wanauliza kuna nini.

"Pua ikichoka, nusa mkono wako mwenyewe," alinifundisha. "Ngozi yako ndiyo kwao. Irudi kwao ipumzike, kisha itoke tena."

Nayasema haya mapema ili msishangae nikiwaambia kwamba mimi, ambaye tone la pombe halijapita kooni mwangu mpaka leo, kwa miaka mitano kazi yangu ilikuwa kupima wiski.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye banda la mabati upande wa Chang'ombe, mwendo mfupi wa baiskeli kutoka kwetu. Mwenye banda alikuwa Mskoti, mzee mrefu, mjane, mwenye Kiswahili kizuri na viatu vibovu. Wiski hakuipika yeye. Alinunua pipa moja moja kutoka kwa wapikaji wa kwao, likaletwa kwa meli, akalilaza bandani mpaka aridhike nalo, ndipo akalitia kwenye chupa zenye lebo yake mwenyewe. Makampuni makubwa, alinieleza, huchanganya mapipa mamia ili kila chupa ifanane na mwenzake. Yeye hakuchanganya. Lebo yake ilitaja pipa gani, limekaa miaka mingapi, na linanukaje. Tulikuwa na mapipa saba ya kuuzwa. La saba lilikuwa na miaka ishirini na mitano, na mimi nilikuwa na ishirini na mitatu, kwa hiyo kila asubuhi nikiingia nililiamkia, "Shikamoo." Bwana akiwa karibu alilijibia, "Marahaba."

Niliajiriwa kuosha chupa tu. Wiki ya kwanza nilimrudishia moja nikamwambia hii ilikaa mafuta ya taa, hata ikioshwa mara mia haifai. Aliipeleka puani, kisha akanitazama mimi badala ya chupa.

"Una hakika?"

"Kwani we husikii, bwana?" nilimuuliza, kwa ujeuri wa umri ule.

Aliiweka chupa pembeni. Jumatatu iliyofuata aliniita mezani kwake, na tangu hapo kila Jumatatu ikawa hivyo. Kwanza alifungua bati la biskuti lililokaa rafuni, akainamisha uso ndani yake kwa muda, akalifunga. Nilidhani mle mna tumbako yake. Halafu alimimina wiski kidogo kwenye glasi, akainusa akiwa amefumba macho, akasema "Mm," akanisukumia. "Haya. Niambie."

Mara ya kwanza nilisita. Nilitegemea harufu ya gongo, ile inayokukaba pumzi ukipita karibu na nyumba ya muuzaji. Nilikuta kitu kingine kabisa. Mwanzo kiliniwasha pua kama pilipili manga, nikanusa mkono wangu, nikarudi, na safari hii nikasikia nanasi lililoiva likapitiliza, na chini ya nanasi viatu vipya vya ngozi. Nilishangaa. Nilimuuliza nani alitia nanasi. Akasema hakuna nanasi nchini kwao. Ni shayiri, maji, mti wa pipa na miaka. Sikumwamini. Nilirudi nyumbani na swali hilo nikalala nalo: miaka inawezaje kutengeneza nanasi?

Basi nikawa mtumwa wa udadisi. Pipa la nne lilikuwa moshi, lakini si moshi wa kuni. Ulikuwa moshi wa papa anayebanikwa, na chumvi, na dawa ya vidonda ya hospitali. La saba lilikuwa asali na nta, halafu ukisubiri linafunguka kasha la bibi yangu: nguo za miaka mingi, karafuu kavu, mbao. Nilimwambia hivyohivyo, naye akayageuza kwa Kiingereza akayaandika kwenye lebo. Sijui Wazungu wa Nairobi walimwelewaje huyo papa, lakini aliniambia wamempenda.

Mama alijua ninakofanya kazi, na angekosaje kujua na pua ile? Hakupenda, ila hakunikataza. Sharti lake lilikuwa moja. Kila jioni, kabla sijavua viatu, alinisimamisha mlangoni. "Hebu nipumulie." Nampumulia. "Haya, pita." Siku moja nilimsimulia kwamba joto letu linalipunguza pipa kila mwezi hata kama halijaguswa, na bwana anasema kinachopotea ni fungu la malaika.

"Malaika wa kwao, labda," alisema mama. "Wetu wana kazi ya kuandika."

Kunywa nilitamani. Si kwa kiu, kwa kutaka kujua. Unasikia kasha la bibi yako ndani ya glasi, usitake kujua linavyokuwa ulimini? Lakini Serikali ilimkataza Mwafrika pombe kali za kizungu, dini yangu ilinikataza kabla ya Serikali, na mama alikuwa mlangoni.

Mwaka wa pili biashara ilianza kulegea. Bwana alinikalisha akaniambia waziwazi: kuna mnunuzi anakuja kutoka Nairobi, mtu mwenye jina kwa kuonja. Akiyapenda mapipa atayachukua yote na kuagiza mengine. Asipoyapenda, banda linafungwa, yeye anarudi kwao, na mimi narudi kutwanga sandali. "Kila kitu kiwe safi," alisema. "Hasa glasi."

Glasi nilizisuuza kwa maji ya moto mara tatu. Nilizinusa moja moja, hazikuwa na harufu hata chembe. Lakini niliporudi nyumbani kuchukua kitambaa cheupe cha kutandika mezani, mama akauliza, "Na maji ya mgeni umeyafukiza?"

Kwetu mgeni wa heshima hapewi maji matupu. Unachoma ubani kwenye chetezo, unaufunika mtungi juu ya moshi mpaka ushibe, kisha unatia maji. Mgeni akinywa, anajua alisubiriwa. Nilichukua chetezo na ubani, nikarudi mbio, nikalifukiza jagi la maji kwa moyo wote. Sikuona ubaya. Jumatatu zote mimi na bwana hatukuwahi kutumia maji. Mimi nilinusa tu. Nilidhani jagi ni la kumkata mgeni kiu baada ya safari.

Mnunuzi alikuja, Mzungu mnene mwenye Kiswahili cha kuamrisha wapishi. Bwana alimimina glasi saba za mgeni na saba zake. Mimi nilisimama nyuma yao na kitambaa mkononi. Ndipo nikamwona mgeni ananyanyua jagi na kutia maji kidogo kwenye kila glasi, moja baada ya nyingine, na bwana akifanya vilevile. Nilikuwa sijui kwamba wanywaji wa wiski huiamsha kwa maji. Ubani ulipanda ukajaa meza.

Mgeni alinusa ya kwanza, akakunja uso. Akanusa ya tatu. Akanusa ya saba.

"Hii yote nanuka kanisa," alisema. "Kanisa ya Waroma."

Bwana alinyanyua glasi yake, akafumba macho, akanusa taratibu. "Ni mti wa pipa," alisema kwa utulivu. "Wiski yangu ndivyo ilivyo."

Nilimtazama. Ubani ule hata mbuzi aliyepita nje angeusikia, na bwana alikuwa ameuingiza mzima puani akasema ni mti. Hapo ndipo nilipoelewa Jumatatu zote zile. Ile "Mm" haikuwa na kitu ndani yake. Nilikuwa nikijiona mwanafunzi anayepimwa na mwalimu wake, kumbe mwalimu alikuwa ananiazima pua. Nilimhurumia, na papo hapo nikaona aibu kumhurumia mtu mzima mbele ya mgeni.

Mgeni alikuwa tayari anatafuta kofia. Ningenyamaza, banda lingekufa. Ningesema, ningemvua bwana nguo hadharani. Nilisema.

"Kosa ni langu. Nilifukiza maji. Kwetu ni heshima."

Mgeni alilinusa jagi, akacheka kidogo. Kisha kicheko kikamwishia, akamgeukia bwana. "Na wewe hapana sikia?"

Bwana aliiweka glasi mezani. Akasema naye kwa Kiswahili, ingawa wangeweza kusemezana kwa Kiingereza, nadhani ili na mimi nisikie, "Tangu homa ya mwaka juzi sisikii harufu yoyote. Pua ya nyumba hii ni yeye."

Mgeni hakuamini, na mimi nisingeamini pia. Alinigeuza niutazame ukuta, akazisuuza glasi kwa maji ya bomba, akamimina upya na kuzipanga anavyojua mwenyewe. Nilipogeuka zilikuwa nane. Nilinusa mkono wangu. Nikaanza. Hii pipa la nne, huyu papa namjua. Hii la pili. Hii la sita, ina tende. Niliposikia kasha la bibi nilisema "shikamoo" bila kukusudia, na bwana akainama kuficha kicheko. Ya nane nilirudi kwayo mara mbili.

"Hii si yetu," nilisema. "Ina sukari iliyoungua, na imekaa ndani ya chuma."

Mgeni alitoa mfukoni kichupa cha bati akakitikisa mbele yangu. Ilikuwa wiski yake mwenyewe. Alinisukumia glasi ya pipa la saba, akaniambia ninywe, nimestahili.

"Serikali imenikataza na Mungu amenikataza," nilimjibu. "Serikali naweza kuidanganya."

Aliyachukua mapipa yote saba na kuagiza kumi mengine. Sharti lake lilikuwa kila pipa linuswe na mimi kwanza. Alipoondoka nilitaka kuruka kwa furaha, lakini bwana hakuwa akifurahi. Alikwenda rafuni, akateremsha bati la biskuti, akalifungua mbele yangu. Hamkuwa na tumbako. Mlikuwa na kitambaa cha shingo cha kike, cha kijani, kimekunjwa vizuri.

"Cha mke wangu," alisema. "Kabla ya homa kilikuwa bado na harufu yake. Niambie kama ipo."

Nilikichukua kwa mikono miwili. Nilisikia bati. Nilisikia kutu, na mbali kabisa, siagi ya biskuti za zamani. Nilinusa mkono wangu, nikarudi. Nikanusa tena pale kwenye mkunjo, ambako mama alinifundisha harufu hujificha. Hakukuwa na mtu.

"Ipo," nilisema.

Uso wake ulifunguka namna ambayo sikuwahi kuiona. "Ya nini?"

Mwanamke yule sikuwahi kumtia machoni. Nilitafuta kichwani harufu ya mke wa mtu, nikapata chupa ya marashi ya mama.

"Mawaridi."

Alikichukua kitambaa, akakikunja kwa mikunjo yake ileile. "Akisikia mawaridi," alisema, "alipiga chafya mpaka machozi yakamtoka. Hata siku ya harusi yetu tuliyatoa maua nje ya nyumba." Alifunga bati, na hakulifungua tena Jumatatu yoyote niliyokuwa naye. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza.

Jioni nilimsimulia mama, palepale mlangoni, hata kabla hajaninusa.

"Ungemwambia haipo," alisema. "Angelia leo, kesho akanawa uso. Sasa kila utakachomwambia atajiuliza."

Ndivyo ilivyokuwa. Tulifanya kazi pamoja miaka mitatu mingine, na kwa mapipa sikumdanganya hata mara moja, lakini kila nilipomwambia hili ni zuri, kalamu yake ilisimama kwanza juu ya karatasi.

"Kweli, au mawaridi?"

"Kweli, bwana."

Ndipo anaandika. Mwanzoni swali lilinichoma. Baadaye likawa mzaha wetu, ingawa kila mmoja alijua mzaha umetoka wapi.

Uzee ulipomchosha alikabidhi banda kwa watu wa Nairobi, akakata tiketi ya kurudi kwao. Mama alimpikia udi wa kuondokea. Nilipomwambia mzee hasikii harufu alisema haidhuru, nguo zake zitasikiwa na wenzake. Nilimsindikiza mpaka forodhani na sanduku lake. Bati la biskuti alilishika mwenyewe. Pale kwenye ngazi aliniuliza kama nadhani pua yake itarudi, akishafika kwenye baridi ya kwao.

"Itarudi, bwana," nilimwambia.

Alinyanyua nyusi. Kabla hajafungua mdomo nilimjibu mwenyewe.

"Mawaridi."