Kengele ya Mawingu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, vumbi limetanda juu ya Dodoma, nami ni binti mdogo bado, nimejilaza ndani ya tembe letu nasikia kengele ya Mawingu. Kumbe ni ndoto. Mawingu, mtamba wangu niliyepewa na baba, alikuwa kijijini Mkonze kwa rafiki wa baba. Sisi Wagogo hatukuwa watu wa kulaza ng'ombe wote zizi moja. Tuliwatawanya kwa marafiki, ili ukame au mnyang'anyi akija asiwakute pamoja.

Siku hiyo bwana mkubwa mpya wa boma, Mjerumani kama yule wa kwanza, aliita baraza. Akamsema mwenzake aliyemtangulia hadharani: yule alichukua ng'ombe kwa nguvu, yeye atanunua, tena kwa hiari ya mtu. Vigelegele vikapigwa. Baba akarudi anatabasamu, akamwambia bibi, mama yake:

"Mama, kesho nawarudisha ng'ombe wote nyumbani."

Nikaruka kwa furaha. Bibi aliendelea kupepeta uwele wake.

"Yule alisema anachukua, huyu anasema ananunua. Nani kati yao kasema ataacha kula nyama?"

Baba akaivunja safari. Nililia sana, nikamchukia bibi, Mungu anisamehe.

Mvua zilipokatika, askari walewale wa zamani wakaja kununua. Bei walipanga wao, na hiari ilikuwa yao pia. Kwetu walikuta ng'ombe wakongwe wawili tu. Jirani yetu, aliyekuwa amekusanya mifugo yake yote, aliachiwa zizi tupu. Walipokwenda zao, baba alimleta Mawingu, ndama nyuma yake, na kengele safari hii haikuwa ndoto. Watoto wa jirani wakaja na kibuyu. Bibi akawajazia maziwa.

Baadaye akaja Mwingereza. Tulisikia kwamba huko kwao wakubwa wanapokezana viti, wanabishana juu ya kodi na biashara, huyu akitengua la yule. Huku kwetu ng'ombe walihesabiwa vilevile.

Basi mwanangu, mtawala mpya akija, mwamkie na umsikilize, huenda ana jema. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Usiangalie anavyomsema aliyeondoka, angalia anachokuja kuchukua mlangoni kwako. Na wewe ukipona, usimcheke aliyeamini. Mjazie kibuyu chake.

Mungu akupe marafiki pande zote za nchi hii, na kila jioni usikie kengele yako ikirudi.