Mashine Iliyokataa Mjane

Hata leo nikisikia mtu akisema mashine ile ilikataa mkono wa mjane, damu hunichemka.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa msichana wa sekondari. Baba alipofariki alituachia mashine ya kusaga posho, ya dizeli, pale Mukuyuni. Mwaitu, yaani mama yetu, ndiye aliyeiwasha kila asubuhi. Alijifunga leso kiunoni, akashika hendeli kwa mikono miwili na kuizungusha mpaka injini ikanguruma. Kwetu hendeli ilikuwa kazi ya wanaume, na wapo waliomsema. Mahindi yao waliyaleta vilevile.

Kisha ikaja Julai ya baridi kali, injini ikagoma. Baba mdogo, ndugu yake baba, hakuuliza imegoma kwa nini. Alitangaza sokoni kwamba mashine imekataa mjane, mkono wake umeipoza, ikabidhiwe mwanamume. Jumapili akaleta wazee wa kanisa waiwekee mikono. Waliomba vizuri, sina neno. Ila yeye aliomba jicho moja likiwa wazi, akiipima mali.

Walipomaliza, Mwaitu alinituma pampu mbili za baiskeli. Ya kwanza ilikuwa nzima. Akamwomba shemeji yake azibe tundu kwa kidole gumba, asukume kwa nguvu na haraka. Alisukuma, akagusa ile ncha ya chuma, akarudisha mkono upesi. Ilikuwa ya moto. Ya pili ngozi yake ya ndani ilikuwa imepasuka. Alisukuma mpaka jasho likamtoka, hewa ikatorokea pembeni, pampu ikabaki baridi.

Mwaitu akamweleza polepole kwamba injini hii haina plagi ya kutoa cheche. Moto wake ni hewa yenyewe: ikibanwa ghafla inapata joto jingi, dizeli ikiingia humo inawaka. Ringi za pistoni zikilika, hewa inavuja, joto halifiki, na asubuhi ya baridi ndiyo mbaya zaidi.

"Shemeji, hewa haijui mjane," alisema.

Akatia vijiko vichache vya oili pale hewa inapoingilia, izibe mwanya wa ringi kama baba alivyokuwa akifanya, akashika hendeli. Injini ikakohoa moshi mweusi, ikakubali. Mimi nilipiga vigelegele peke yangu, mjinga mimi, nikidhani tumeshinda.

Baba mdogo aliisikiliza kwa muda, kichwa kimeinama upande.

"Kumbe ni nzima," alisema. "Basi mali ya ndugu yangu nitaiangalia mimi."

Niliwatazama wale wazee. Walikuwa wameona kila kitu kwa macho yao. Mmoja alianza kutafuta kofia yake, mwingine akasema mambo ya ukoo yana wenyewe. Hapo ndipo nilipowachukia, na sijaacha. Mashine ikiwa mbovu, kosa ni la mjane. Ikiwa nzima, ni ya ukoo!

Jumatatu tulikuta kufuli jipya mlangoni. Wiki hiyo unga ulituishia. Mwaitu alijitwika mahindi, akapanga foleni nyuma ya wanawake wengine, na zamu yake ilipofika akamlipa shemeji yake pesa ya kusagiwa.