Mkono wa Mwaija Uliobaki Begani

Kibwana alipomwacha Mwaija kule Mazingara, kwa kosa la kutozaa, hakuishia kwenye talaka. Aliichukua picha yao ya harusi, akaikata katikati kwa mkasi, nusu ya mke akaitupia juu ya sanduku lake. "Nenda na chako."

Mwaija alipoitazama njiani alijiona kasimama na gauni lake, lakini mkono wa kulia umekatikia kwenye kiwiko. Kiganja chenye hina kilibaki kwa mume, begani.

Alilia mpaka Korogwe. Watu wa dini tunaambiwa tusamehe, naye alikuwa haachi sala hata moja. Ila kila akimaliza dua zake aliongeza moja: "Ya Rabi, nirudishie mkono wangu."

Akapata kazi ya kufagia studio ya Laurenti, mpiga picha aliyezaliwa kambi za mkonge. Kufagia kukazaa kutazama, kutazama kukazaa kujifunza. Laurenti alimwambia mkono usio na kazi humwaibisha mwenyewe. Upe kiti ushike, au mtoto, au hata redio ya studio. Mtu usimwambie cheka, mwulize jina la mama yake, uso utalainika wenyewe. Kidevu kikipanda, mtu huwa mkuu wa wilaya. Kikishuka kidogo, huwa mja wa Mungu. Mwaka wa pili wateja wakawa wanaulizia, "Yule mama wa kupanga watu yupo?"

Lakini kila bibi harusi aliyepita mikononi mwake alimsuka pamoja na mumewe kama ukili wa mkeka.

"Mbona unawabana hivyo?" Laurenti akauliza.

"Ili mkasi ukose njia."

Jumamosi moja, mwaka sabini na tatu, akaingia Kibwana, sasa katibu wa kijiji cha ujamaa, kaunda suti imenyooka, mke mpya Tatu nyuma yake.

"Mwaija! Kumbe bado upo?"

"Nipo, mume wa watu. Karibu ndani."

Kibwana akatoa mfukoni ile nusu yake, akaiweka mezani. "Nataka nitokee hivi hivi. Nimekaa, kidevu juu. Ya kutundika nyumba mpya."

Tatu akachungulia. "Na huo mkono begani, wa nani?"

"Wa mpiga picha."

"Mpiga picha anapaka hina?"

Laurenti akakohoa, akajifanya anapangusa kamera.

Mwaija alimkalisha Tatu kwenye kiti, akamsimamisha Kibwana nyuma yake, mikono yote miwili mabegani mwa mke, uso juu kidogo ya kilemba chake Tatu.

"Mbona mimi nimefichwa?"

"Hukufichwa, umefungwa. Siku ukitaka kumkata huyu, utaanza na vidole vyako mwenyewe. Shusha kidevu. Tatu mwanangu, mama yako anaitwa nani?"

"Chausiku." Uso ukafunguka. Kamera ikalia.

Hapo Mwaija akachukua mkasi, akaishika ile picha ya zamani. Akakata polepole kuzunguka vidole vyake vitano. Bega la Kibwana likaenda navyo, na sikio moja.

"We mwanamke! Picha yangu!"

Mwaija akamrudishia kilichobaki. "Nenda na chako."

Adhuhuri ile alisali kama kawaida. Alipomaliza dua zake, hakuongeza kitu.