Jicho la Mchungaji

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, vumbi limetanda mbugani kama ukungu. Hata leo nikikaa hapa Kisaju nikitazama magorofa ya Kitengela, yanaanza kuyeyuka kwa joto, na mahali pake naona watu kumi na wawili wenye mizigo mgongoni. Wale walikuwa watu wangu. Nilikuwa nimevishwa ukoplo juzi tu, na kichwa kilikuwa kimevimba kuliko cheo chenyewe.

Unajua sisi Wamaasai hatuhesabu ng'ombe, kwani kuhesabu ni kuita balaa. Jioni kundi likiingia bomani, baba alilitupia jicho mara moja akajua ni yupi hayupo. Nami nililelewa hivyo. Basi siku ile ya mazoezi, tulipofika penye maji na sajini akaniuliza kama watu wametimia, niliwatupia jicho nikajibu wote wako. Kusoma orodha niliona ni kazi ya makarani.

Hawakuwa wametimia. Barasa, kijana mpole wa kutoka Bungoma, alikuwa ameanguka nyuma kwenye miiba. Tulipogundua, saa mbili zilikuwa zimepita. Nilimbeba mgongoni huku nikimwita jina kila hatua, naye haitikii. Sijawahi kuogopa vile tena maishani.

Alipona, nami nikavuliwa ukoplo. Nilienda nyumbani likizo nikiwa na kinyongo, nikamlalamikia baba kwamba nimeadhibiwa kwa kufuata mila. Baba alikuwa amepigana Burma enzi za Wazungu, na koti lake zito la vita alilivaa hata malishoni. Alimkuna ndama sikio. Kisha akaniuliza, "Hao watu uliwachunga siku ngapi?"

Nikamwambia siku sita.

"Mimi hawa ng'ombe nawajua tangu kwa mama zao. Jicho langu limesoma. Lako bado, na uliona aibu kusoma majina."

Akanisimulia kwamba huko Burma sajini wao alisoma majina yote kila asubuhi, hata jina la mtu waliyemwona akianguka. Jina likikosa wa kuitikia, ndipo alipolipiga mstari, taratibu. Mimi nikatazama vumbi, machozi yakinilengalenga.

Nilirudi kambini nikaanza upya, ramani, dira na orodha ya majina, na ukoplo ukanirudia baada ya miaka mitatu. Barasa hunipigia simu kila Krismasi. Hasalimii, anasema tu, "Koplo, niko."

Sasa kesho unaingia chuo cha jeshi, na jana nilikusikia ukiwaambia wenzako kwamba darasa ni la waoga, damu ya morani inatosha. Nilicheka kidogo, kisha nikaumia. Mwacha mila ni mtumwa, mwanangu, lakini mila yenyewe ni kusoma. Babu yako alisoma ng'ombe miaka arobaini ndipo akaacha kuhofia kwamba jicho lake litakosea. Wewe soma vitabu wanavyokupa, soma ramani, na zaidi ya yote soma watu utakaopewa, jina kwa jina, usimeze hata moja kwa kiburi. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nimemlea mpaka amezeeka.

Njoo nikuwekee majani haya mabichi ya baraka kwenye buti zako. Enkai, Mungu wetu, akutangulie na akufuate. Na kila asubuhi watakaposoma jina lako, akujalie uitikie, "Niko," mpaka urudi uniambie hivyo langoni hapa.