Nilichomoa Waya Nikasema Umeme Umekatika

Admin, ukiposti, naomba usiweke jina langu wala la shule ninayofanya kazi. Hapa Kisangani tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, ninaishi commune ya Tshopo na mume wangu. Ni sekretari katika shule moja ya sekondari. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kila kitu pale: barua za wazazi, matangazo, bulletins, yaani ripoti za matokeo ya wanafunzi. Kompyuta yangu niliijua kama jikoni kwangu, mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Mume wangu alikuwa anajisifu mbele ya watu, "Bibi yangu iko mutu wa ordinateur!" Nami nilikuwa nafurahi, sitaficha.

Mwaka huu fundi alikuja kubadilisha programu za kompyuta zote. Kesho yake niliwasha yangu nikadhani nimekaa kwenye meza ya mtu mwingine. Vitufe vilivyokuwa pembeni vimehamia katikati. Palipokuwa na maneno sasa pana vichoro vidogo nisivyovielewa. Folda zangu sizioni. Ninapeleka mkono pale nilipozoea, pako wazi. Ninabonyeza kitu, zinanifungukia habari na picha za watu nisiowajua.

Nilimwuliza Patrick (nimebadilisha jina), kijana wa ofisi ya hesabu. "Ah, maman, c'est simple! Unabonyeza hapa, kisha hapa, voilà." Alimaliza kabla jicho langu halijafika. Kesho yake nilimwuliza tena. Alishusha pumzi. "Maman, si nilikuonesha jana?" Walimu waliokuwa wanangoja fotokopi wakacheka. Mmoja wao nilimfundisha mimi mwenyewe kuandika kwa kompyuta.

Sikuuliza tena. Nilianza kudanganya. Mtu akija na kazi, ninamwambia hakuna umeme, arudi baadaye. Huku kwetu umeme unakatika bila kuaga, kwa hiyo waliniamini. Wakiondoka ninabaki mbele ya ile skrini nikitafuta, huku machozi yananitoka kama mtoto.

Siku moja préfet, mkuu wa shule yetu, aliingia na baba mmoja aliyekuwa anamhamishia mtoto wake Bunia. Walitaka attestation, hati ya kuonesha kwamba mtoto alisoma kwetu, palepale. Nilitafuta, nikafungua hiki, nikafunga kile. Mwishowe nilinyoosha mguu chini ya meza nikavuta waya. Skrini ikazima.

"Courant imeenda, Monsieur le Préfet."

Alitazama juu, kwenye feni iliyokuwa bado inazunguka. "Maman, na ventilateur hii, nani anaizungusha?"

Hakuna aliyecheka. Yule baba aliinamisha kichwa akaanza kutazama viatu vyake, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Afadhali angecheka.

Préfet hakunigombeza. Baadaye aliniita akasema kwa sauti ya chini, "Bon, maman, kuanzia kesho utapokea wazazi pale mulangoni. Mambo ya machine, tuachie Patrick." Sasa ninakaa kwenye kiti mlangoni, ninasema karibu, ninaonesha watu njia. Nyumbani sijasema neno. Jioni mume wangu ananiuliza, "Kazi ilikuwa je?" Ninamjibu kwamba iko muzuri, nimeandika sana leo.

Jumapili iliyopita mchungaji alitangaza kwamba kanisa limepata kompyuta, na akina mama watafundishwa. Kabla hajamaliza, mume wangu alisimama. "Pasta, mwalimu tuko naye! Bibi yangu!" Watu wakapiga makofi. Nilisimama, nikatabasamu, nikapunga mkono. Baada ya ibada niliziendea zile kompyuta, nikawasha moja. Ni sura ileile ya kule shuleni.

Nilikuwa bado nimeinama pale nilipofuatwa na mama mmoja anayeleta mchele kutoka Bengamisa kuuza hapa mjini. Alinishika mkono.

"Maman, miye nilijiandikisha wa kwanza. Watoto yangu wananicheka, wanasema miye ni muzee, sitaweza. Lakini nilisema, kama ni wewe, utanielewa. Wewe hauwezi kunicheka."

Nilimwambia, "Karibu sana, maman."

Nikisema ninaumwa, yule mama atarudi nyumbani kwa watoto wake kuchekwa. Nikisimama mbele yao bila kujua hata kufungua folda, mume wangu ataaibika mbele ya kanisa zima. Nimefikiri hata kumwomba Patrick anifundishe upya, polepole, lakini nikifika kwenye mlango wa ofisi yake ninarudi kwenye kiti changu.

Darasa linaanza wiki ijayo. Ndugu zangu, ninahitaji ushauri wenu, hata ukiwa mkali nitaupokea. Ukweli huu nimwambie nani kwanza: mume wangu, mchungaji, au yule mama?